Kipimo cha Simba Jike

Mabruka aliacha kupasua kuku alipowaona. Wanaume watatu, wamejifunika nguo nyeupe toka utosini hadi miguuni, walikuwa wamemwinamia simba jike aliyelazwa kwa sindano ya usingizi. Jana tu Daktari Ihab, mmoja wao, aliingia humo kizimbani kwa shati na kandambili.

Daktari alimtia simba kijiti chenye pamba puani, akakizungusha, akakifungia kwenye kichupa, akakiweka kwenye barafu.

"Daktari, kulikoni?" Mabruka aliuliza toka nje ya vyuma.

"Mafua tu, Mama Sayyid. Rudi nyuma."

"Mafua ndiyo ya kuvalia sanda?"

Mmoja wao alicheka. Daktari hakucheka.

Kuku hao, chakula cha wanyama, walitoka shamba la Haji Rifaat, mwenye bustani hiyo ya wanyama. Walikuwa wakiletwa wamekwisha kufa, vilemba vyao vimegeuka rangi ya wino. Chui milia wawili walikuwa wameshazikwa. Haji alisema ni uzee, ilhali mmoja wao Mabruka alimnyonyesha kwa chupa mwaka uliopita. Na nyumbani mumewe Shaaban, aliyekuwa akibeba hao kuku mabegani, hakuweza tena kulala chali.

"Mume wangu ana homa. Anakohoa damu. Mpime na yeye."

"Mama, mimi ni daktari wa wanyama."

"Basi mpime kama mnyama."

Daktari alitazama pembeni. Alikuwa amesimama Haji Rifaat hapo, kajiziba pua kwa leso.

"Shaaban sigara zimemmaliza," Haji alisema. "Na wewe, nikisikia neno hili sokoni, nitasema ninyi ndio mlioniambukizia simba. Ataaminiwa nani? Hata chumba mnacholala ni changu."

Mabruka aliokota kisu. Akaendelea kupasua.

Adhuhuri lilifika gari toka Kairo, lenye kiyoyozi na mtungi wa oksijeni. Simba alipandishwa kwa machela, taratibu, watu wakionyana wasimtikise. Mabruka alikimbia nyumbani, nyuma ya ukuta, akarudi amemkokota Shaaban kwapani. Gari lilikuwa langoni.

"Hospitali iko njiani, Daktari. Mtuteremshe hapo tu."

"Gari limejaa, Mama Sayyid," alisema Ihab, akapandisha kioo.

Nyuma palikuwa na benchi tupu. Kupitia dirishani Mabruka aliona mkono wenye glavu ukimshikilia simba kikombe cha hewa puani. Gari likaondoka. Shaaban, kaegemea ukuta, alikuwa ameachama kinywa, akiitafuta pumzi katika vumbi la gari.