Kopo la Mafuta ya Kukamulia

Ng'ombe wao wa maziwa alikuwa amekaushwa, anasubiri kuzaa, na hakuna aliyegusa chuchu zake kwa wiki saba. Sasa kwa nini kopo la mafuta ya kukamulia lilikuwa linaisha? Scolastica alilifungua palepale zizini, akaona alama za vidole viwili kule chini, akalifunga. Katika nyumba ile ya kijijini Bashay walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mumewe Tadei, na yeye hakuwa ameyagusa.

Mafuta hayakumuuma. Kilichomuuma ni mume. Huo ulikuwa mwezi wa tano tangu Tadei aanze kulala sebuleni kwenye kochi, eti mgongo, na blanketi lake la mistari alishalihamishia huko. Mwanamke akiachiwa kitanda kizima baada ya miaka thelathini na minne ya ndoa, lazima awaze. Scolastica aliwaza mpaka akamfikia mjane mmoja muuza vitunguu saumu, akamchukia bure wiki nzima. Alilia pia, tuseme ukweli, ila alilia jikoni, ambako moshi husingiziwa.

Basi asubuhi ile aliingia na kopo, akaliweka mezani kando ya kikombe cha chai.

"Baba Baltazar, unamkamua ng'ombe gani?"

Tadei alitazama kopo, akatazama mlango. Mlango ulikuwa mbali. Akaanza kueleza kwa sauti ya chini kwamba kule mbele kumebana. Ngozi haivutiki tena, ikivutwa inachanika, inawasha, na sasa hata mkojo unatoka kwa kusukuma. Alikuwa anapaka mafuta yale kwa sababu yanaponya chuchu zilizopasuka.

Scolastica alikaa chini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Yule mjane alisamehewa palepale, bila kujua kama alikuwa na kosa.

"Twende zahanati," alisema alipotulia.

"Siendi."

Alijua kwa nini. Mwaka ambao wenzake walitahiriwa, Tadei alikuwa kitandani na homa ya matumbo. Mwaka uliofuata alikuwa shule ya bweni, na baada ya hapo aliona aibu kupanga foleni na watoto wadogo. Akanyamaza. Scolastica alijua baada ya harusi, naye akanyamaza. Watu husema mficha uchi hazai, lakini Tadei aliuficha wake na watoto watano akapata. Tatizo ni kwamba kila msimu wa tohara yeye ndiye huitwa kuwaambia vijana wasikunje uso wala kufumba macho, na nesi wa zahanati, Monica, anaimba naye kwaya moja.

"Bora nife nayo," alisema Tadei.

"Ukifa utaoshwa," alisema Scolastica. "Na watakaokuosha ni wazee wenzako."

Tadei aliweka kikombe chini. Hilo hakuwa amelifikiria.

Alhamisi walipanda basi kwenda Katesh, wilaya nyingine kabisa, wakiwa wamewaaga majirani kwamba wanakwenda mnadani kutafuta dume. Tabibu waliyemkuta hospitalini alikuwa kijana mgeni, kwao Tanga, akawaamkia "shikamoo mzee, shikamoo mama" kabla ya kuvaa glavu. Alipima, akachukua mkojo na tone la damu. Kisha akavuta kiti karibu.

"Mzee, una kisukari. Ukubwani, mara nyingi ndicho kinacholeta haya. Sukari ikizidi, ngozi ya mbele inavimba, inapona, inavimba tena, mwisho inakuwa na kovu na kubana. Hayo mafuta ya kukamulia unayopaka hayaondoi kovu."

"Kwa hiyo ni kisu," alisema Tadei.

"Si lazima tuanze na kisu. Kwanza vidonge vya sukari. Halafu kuna krimu ya dawa, unapaka mara mbili kwa siku, wiki sita, huku unavuta ngozi taratibu bila kuilazimisha. Wengine wanapona hapo. Isipokubali, tunaweza kupasua kidogo kwa juu ili pawe na nafasi, au kutahiri kabisa, kwa ganzi. Hiyo ndiyo inayomaliza. Ila mkojo ukiziba kabisa, usisubiri, njoo siku hiyohiyo."

Tadei, mwanaume ambaye hata rangi ya mlango hakuwahi kumwuliza mkewe, alimgeukia.

"Mama Baltazar, unasemaje?"

"Mwili ni wako," alisema Scolastica. "Mimi nataka blanketi lirudi chumbani."

Tabibu aliinama akaandika kitu kirefu kuliko kilivyohitajika.

Walijaribu krimu. Scolastica alifunga sukari kabatini, akatunza muda wa vidonge kama anavyotunza muda wa misa. Baada ya wiki sita sukari ilishuka na muwasho ukaisha, lakini kovu lilikataa. Tadei mwenyewe ndiye aliyesema, "Tumalize." Wakaaga tena kwenda mnadani. Wakarudi tena bila dume, Tadei akitembea kwa kutanua miguu, na majirani wakasema mzee huyu ni mbishi wa bei, hata miguu imechoka kwa kuzunguka.

Mwezi ukapita, kidonda kikapona, ng'ombe akazaa. Jioni moja, jua bado liko juu ya migomba, Scolastica alikuwa anatandika kitanda alipomwona mumewe mlangoni. Mkono mmoja ulishika kopo jipya la mafuta, halijafunguliwa. Mwingine ulikumbatia blanketi la mistari.

"Hili la ng'ombe," alisema, akaliweka dirishani. Akasimama hapo na blanketi, kama mgeni asiyejua akae wapi.

Scolastica alimwonyesha upande wake. Moyo ulimjaa, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Tadei alikaa ukingoni, akapapasa shuka.

"Siku ile, tabibu alipokata," alisema, "nilifumba macho."

"Niliona. Ulinishika mkono mpaka pete ikaniumiza."

"Usimwambie mtu."

Scolastica alilichukua blanketi, akalikung'uta, akalitandaza juu ya lake.

"Mimi," alisema, "nimewahi kumwambia nani?"