Mgonjwa Anayetembea

Kwa miaka tisa Theodory aliendesha kombaini katika shamba la ngano la serikali, upande wa Balangdalalu, na hakuna aliyemjua kwa kupenda kulala. Hata hivyo, alipoambiwa hospitalini kwamba ana saratani ya damu, ile inayokwenda polepole, mkewe Fabiola alitegemea daktari amwagize apumzike. Daktari alisema kinyume chake. Atembee kila asubuhi, nusu saa, bila kujichosha. Damu yake ina askari wengi, alieleza, lakini wengi wao hawajui kazi, kwa hiyo hata mafua yanaweza kumlaza. Kutembea hakutamponya, ila mwili unaojongea una nafuu ya kujitetea. Na wenye kikohozi wakae mbali naye.

Theodory alitii kama alivyozoea kuwatii mafundi wa mitambo. Jua likichomoza alikuwa ameshatoka kwenye kambi ya wafanyakazi, anafuata barabara ya matrekta katikati ya ngano. Baada ya miezi miwili alikuwa anakula vizuri, na homa zilikuwa zimepungua.

Aibu ilikuwa ya Fabiola. Huku mgonjwa hukaa ndani, watu ndio humfuata. Mgonjwa anayeonekana barabarani ama anadanganya, ama ana mke asiyejua kutunza. Kwenye bomba la maji wanawake hawakuuma maneno.

"Mama Kornelia, mume wako siku hizi ni mkaguzi wa ngano?" aliuliza Efrazia, jirani yake, na wenzake wakacheka mpaka ndoo zikafurika.

Fabiola alicheka nao, lakini ilimuuma.

Basi zilipokuja habari kwamba Hermani, kaka mkubwa wa Theodory, anashuka kutoka Tumati na watu wa ukoo kuja kutoa pole, alimwomba mumewe jambo moja.

"Baba Kornelia, siku hiyo tu ulale. Wakukute kitandani kama wagonjwa wengine."

Theodory akakubali.

Walikuja kumi na wanne. Mlango na madirisha vikafungwa kwa sababu ya upepo wa Julai, mikono ikashikwa, kibuyu kimoja cha togwa kikazunguka. Hermani alikuwa na kikohozi cha kutikisa mabati. Fabiola alikisikia. Alikiona kibuyu kikitoka mdomoni mwa Hermani kwenda kwa mumewe, akanyamaza, maana nani atamwambia shemeji mkubwa asikohoe? Wageni waliusifu sana utunzaji wake. Naye, tuseme ukweli, alifurahi.

Siku ya nne Theodory alipelekwa hospitalini kwa Landrova ya shamba, mapafu yamejaa. Alirudi baada ya wiki tano, suruali imefungwa kwa kamba. Daktari hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba safari nyingine kama ile huenda isiwe na kurudi.

Kesho yake asubuhi Fabiola alimshika mumewe mkono, akapita naye mbele ya bomba, mbele ya Efrazia na ndoo zake zote. Walikwenda hatua arobaini, wakarudi. Siku iliyofuata walifika hamsini.

Wiki ya tatu Hermani alitokea tena, na watu sita, na bado anakohoa. Theodory alikuwa mbali kidogo, peke yake, anatembea taratibu kati ya mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa.

"Shikamoo shemeji," alisema Fabiola.

"Marahaba. Mgonjwa yuko ndani?"

"Hayupo. Yuko kule, anatembea."

"Aa, basi amepona! Tutamsubiri ndani."

Fabiola alisimama katikati ya mlango. Alijua maneno yake yatafika Tumati na yatakaa huko miaka.

"Hamtaingia, shemeji. Kikohozi chako ndicho kilichomlaza. Na mimi ndiye niliyekufungulia mlango."

Hermani aligeuka akamwangalia mdogo wake kule mbali, jinsi alivyokonda. Akavuta shuka lake, akaziba mdomo, akaketi nje kwenye upepo.