Kabla ya Magari Kufika

...wala hakuomba vitambaa vya makochi vitolewe, vitambaa alivyovifuma kwa mkono wake mwenyewe, lakini mpiga picha alivivua kimoja kimoja kama mtu anayenyonyoa kuku, akavirundika pembeni, na televisheni wakaibeba wawili wakaipeleka jikoni ikakae na masufuria, kwa sababu, alisema yule mwanaharakati mwenye matangazo yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mtetezi, sebule iliyopangika sana inawachanganya watazamaji, "wanataka kuona maisha yenyewe, shemeji," kana kwamba televisheni iliyonunuliwa kwa kushona mapazia ya watu si maisha yenyewe, kana kwamba mtu akikamatiwa mume basi inabidi aonekane anakalia gunia... na hilo neno shemeji, tangu lini, siku ya harusi alikaa upande gani, nani alimwona, na alipomaliza kuhamisha vyombo vya watu akamtazama usoni, akainamisha kichwa huku na huku kama fundi anayepima kitambaa, akasema, "Na hiyo rangi ya mdomo, tuipunguze kidogo," naye akaifuta bila ubishi, mwanamke mzima, fundi anayewagombeza wateja wake mpaka wanaomba radhi, akaifuta kwa nyuma ya kiganja kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na sasa amekaa kwenye stuli ya jikoni makochi yakiwa matupu, kinasa sauti kimembana kifuani kama mdudu, waya wake umepita ndani ya blauzi ambako mkono wa mwanamume asiyemjua ulipita ukisema samahani mama, samahani mama, taa inamchoma jicho la kushoto, na kutoka kibarazani sauti ya Mtetezi kwenye simu inaingia vipande vipande, "...moja kwa moja, ndiyo... mke wa yule dobi... nadhani atalia, ana uso wa kulia..." uso wa kulia, haya, huo uso mama yake aliuzaa lini, na huyo anayeuliza huko upande wa pili ni nani, anayetaka kuhakikishiwa machozi kama anayeagiza mchanga wa kujengea... lakini angefanyaje, Dobi wake yuko kule mahabusu ya wageni, bohari lililotiwa nondo madirishani, kibali chake kilikwisha na kila alipokwenda kukihuisha dirisha lilifungwa mbele ya pua yake, mpaka ikatoka amri kwamba asiyehuisha ni mhalifu, yaani wanakufungia mlango kisha wanakukamata kwa kosa la kusimama nje, na wiki hii, wamesema, atapakiwa kwenye basi avushwe mpaka, arudishwe alikoondoka hajaota hata ndevu, akamsalimie nani huko, makaburi... na yule mpishi wa shule alishushwa kwenye basi hilohilo baada ya Mtetezi kumwonyesha kwenye matangazo yake na waziri kuaibika, hilo lilitokea, halina ubishi, ndiyo maana amekubali stuli, amekubali kufuta mdomo, mfa maji haachi kutapatapa, na anayetupiwa kamba haulizi imesokotwa na nani, maana kwa nani kwingine angekwenda, kwa kaka yake, kaka wa tumbo moja aliyempigia simu siku ileile Dobi alipokamatwa, akadhani anapewa pole, kumbe, "Dada, sheria haina shemeji," alisema hivyo, kwa sauti ya upole kabisa, kaka aliyezunguka na chama kile cha kufukuza wageni mwaka mzima akiimba nyumba isafishwe, nyumba isafishwe, amevaa shati jeupe ambalo Dobi alimpigia pasi bure, kola ikasimama kama ya waziri, na yeye alikata simu na tangu hapo hajui kama bado ana kaka au ana jirani wa damu tu...

"Tazama hii kidogo, mama," mpiga picha akamwekea tableti mapajani, jibaba lenye ndevu na viatu visivyopiga kelele, "bosi anasema itarudisha hisia," kana kwamba zimekwenda safari, akabonyeza, akageuka kuinamia miguu ya taa, naye akajikaza maana picha hizo anazijua, nani asiyezijua, nchi nzima imezitazama ikila chakula, lango la kiwanja cha kufulia linaanguka, wanaume wenye fulana nyeusi wanaingia, shuka nyeupe zinakanyagwa, na Dobi anaburutwa, povu limemfika viwikoni, ndara moja imebaki juu ya tope, alishajua ataangalia wapi ili asione hiyo ndara... lakini lango halikuanguka. Lilikuwa limefungwa, limetulia, ufagio umeegemezwa hapo. Kiwanja chote kilionekana kutoka juu, kama kutoka dirisha la jengo la ng'ambo, kamba zimejaa shuka, upepo mdogo, watu wanne watano wanafua wakisemezana, huyu anamrushia yule povu, na Dobi akatoka na beseni, mzima, amevaa lile shati la bluu lisilo kifungo cha juu, akaliweka beseni chini, akanyoosha mgongo akiushika kwa mikono miwili kama afanyavyo kila siku, akaanika shuka, akaivuta pembe mpaka ikanyooka, kwa nini wanaonyesha hii, hii ilitoka wapi, na kwa karibu, karibu na kamera, ikasikika sauti ya mtu anayenong'ona, nayo alikuwa anaisikia sasa hivi kibarazani ikicheka na simu, "Bado. Subiri. Amesema watafika kabla jua halijafika utosini," na sauti nyingine, nzito, ya huyu huyu aliyeinamia taa, "Je, tukiwashtua?" na ile ya kwanza, bila hasira, kama mwalimu, "Tukiwashtua tutapiga picha gani? Kamba za nguo?" ...kamba za nguo... na Dobi pale chini akajipapasa mfukoni, akajifuta mkono kwenye suruali, akatoa simu, akaitazama, akatabasamu, akairudisha bila kupokea maana mkono mwingine ulikuwa umeshika shuka isiguse chini, na hapo moyo wa mkewe ukaruka kama uzi uliokatika kwenye cherehani, kwa sababu simu ile ilikuwa yake yeye, alipiga yeye, asubuhi ile, amekaa akishona pazia la mteja wake, yule mama wa ghorofani, alitaka kumuuliza mkasi mkubwa ameuweka wapi, basi, mkasi, hakupokea na yeye akasonya, akasema huyu mwanamume na simu yake, akautafuta akaukuta chini ya kitambaa na akasahau... alisonya, Mungu wake, na wakati anasonya kulikuwa na watu wawili dirishani wanamwona mumewe akitabasamu.

"Siyo hiyo, mama." Mkono wenye vinyweleo ukaja haraka ukaichukua tableti. "Hiyo ghafi. Nimekosea." Mpiga picha alitazama mlangoni kabla ya kumtazama yeye, na alipomtazama uso wake mkubwa ulikuwa umepungua.

"Nimeona," akasema.

"Mama, tafadhali. Mimi nilisema... si umesikia nilisema?"

"Nimekusikia ukiuliza," akamjibu, "na nimekusikia ukinyamaza," na huyo naye akarudi kwenye miguu ya taa akajifanya inalegea, na nje Mtetezi bado anaongea, "...hapana, uso wa yule mwingine tutauficha, kivuli tu..." yule mwingine, yule mwingine ni wifi yake, dada yake Dobi, aliyejifungia chumbani tangu siku ile hata kukohoa anakoholea kwenye mto wa kulalia, naye asiye na kibali wala ndoto ya kibali, na asubuhi Mtetezi alipoingia alisema, na yule dada mwingine naye tungemhitaji, na yeye kwa ujinga wake hakuuliza amejuaje, alidhani majirani, alidhani watetezi hujua tu mambo kama waganga, lakini aliyejua magari yatafika siku gani na saa gani anajua kwa sababu kuna mtu huko ndani ya uhamiaji anamnong'oneza, na anayemnong'oneza kuhusu kiwanja cha kufulia anashindwaje kumnong'oneza kuhusu nyumba, na dirisha la ng'ambo, dirisha la ng'ambo ya barabara ya kwake yeye, pazia lake limefungwa vibaya, limeacha mwanya, halijawahi kuacha mwanya, au limewahi, hajui, hajawahi kuwa mtu wa kutazama madirisha ya wenzake... akageuza kichwa kadiri waya ulivyomruhusu, akaita kwa sauti ya kawaida, ile ya kila siku, "Wifi. Yale mapazia ya mama wa ghorofani yamekwisha. Mpelekee."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya mlango. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Pitia nyuma. Na ukae kwake mpaka nije nikuchukue mwenyewe, mtu mwingine akija kukuita usitoke."

Akasikia kitasa, akasikia ndara zikivuka jikoni, zikasita mbele ya televisheni iliyokaa na masufuria, kisha mlango wa nyuma, na mpiga picha aliyesikia yote akaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa zamani, hilo alimhesabia, dogo lakini alimhesabia... kwa hiyo hakuwa anazama, ndicho alichokiona, siku zote hizi alijiona yumo majini na Mtetezi amesimama ukingoni na kamba, kumbe huyu alikuwepo ukingoni tangu maji hayajaja, amekunja miguu, anangoja mafuriko ili apate kutupa kamba huku anatazamwa, na akiulizwa atasema nini, anajua atakachosema, amemsikiliza kwenye matangazo mara ngapi, atasema chanzo chake kikifa wote wamekufa, angemwambia dobi mmoja wangekimbia wote, magari yangekuta kiwanja kitupu, kesho yangekwenda kwingine pasipo na jicho la kuyaona, na nchi ingelala ikidhani wageni wanaondoka wenyewe kwa hiari na nyimbo, na hoja hiyo ni nzuri, ndicho kilichomchoma, kwamba ni nzuri, inasimama yenyewe bila kuegemea, ila imesimama juu ya mgongo wa mtu na mgongo huo yeye anaujua, ameukanda kwa maji ya moto miaka yote ya ndoa, anajua pale unapokaza chini ya bega... na lango la nyuma la kiwanja lilikuwa wazi, hulifunga jioni tu, robo saa ingetosha, simu moja, hata kokoto moja iliyorushwa kutoka dirishani, ingawa Dobi naye, kichwa chake kilivyo, pengine angesema ngojeni nianue shuka za watu kwanza, lakini huo ungekuwa ujinga wake mwenyewe, ujinga wake halali, wasingemchagulia wengine.

Na akimuuliza Mtetezi hayo mbele ya watazamaji wote hao, je, msemaji wa wizara atashiba mwezi mzima, mnaona, hawa wanaharakati wanapika habari, kaka atapiga tena na sauti yake ya upole, nilikuambia dada, na Mtetezi akianguka nani atamtoa Dobi kwenye basi, wale wenye fulana nyeusi, waziri... hao hawajasamehewa, asije mtu akadhani, kwa hao chuki yake ipo palepale, imekaa kitako, haihitaji hata kutazamwa, ila hao hawajawahi kumwita shemeji, hawajamfutisha mdomo, walikuja kama walivyo na gari lao limeandikwa ubavuni, na huyu je... akinyamaza leo kuna mwingine kesho, mwenye duka la viatu, yule mwosha vyombo, mtu ameinama kwenye kazi yake na juu yake dirishani mtu anasema bado, subiri... basi ataanza na Dobi, atamaliza habari za Dobi zote, bohari, nondo, dirisha la vibali lililofungwa na aliyelifunga, basi na wiki ya basi, neno kwa neno, kikavu, pasiwe na mahali pa mtu wa wizara kukata na kubandika, hiyo haki ya Dobi haitaguswa, na ikiisha, watu wakiwa bado wanatazama, atamuuliza huyu, kwa adabu, asubuhi ile mimi nilimpigia mume wangu simu kwa ajili ya mkasi, wewe uliyejua, ulimpigia nani.

Mtetezi akaingia akitia simu mfukoni, akanukia marashi, akatupa macho kwenye mlango wa chumbani. "Yule dada yuko tayari?"

"Ametoka."

"Ametoka? Shemeji, si tulikubaliana? Wanasubiri huko, watu ni wengi sana leo."

"Nitatosha mimi."

Mtetezi akamtazama mpiga picha, mpiga picha akatazama kamera. Akavuta pumzi puani kama mtu anayemvumilia mgonjwa, akakalia kiti kilichobaki, akanyoosha kola, na mbele ya macho yake huyu mwanamume akashusha nyusi, akalegeza mashavu, akavaa huzuni yake taratibu kama mtu avaavyo miwani, ikamkaa vizuri, imeshapata umbo la uso wake. Stuli ni ileile, taa bado inamchoma jicho la kushoto, mdudu bado amembana kifuani.

"Tazama kwenye kioo cha kamera, usinitazame mimi," akamnong'oneza, "na ukisikia kulia, lia tu, usijizuie. Pole sana, shemeji. Uko tayari?"

"Niko tayari," akasema. "Anza."

Taa nyekundu ndogo ikawaka. Akaiacha kamera, akamtazama Mtetezi.