Mbuzi wa Uvira Jikoni Queensburgh

Jumatatu asubuhi Mireille alikuwa akichemsha maji ya chai jikoni kwake Queensburgh, pembeni mwa Durban, kabla ya kushika taxi ya kwenda saluni mjini, alipoona mbuzi mweupe amesimama kando ya jokofu. Sikio moja lilikuwa na pengo. Alimtambua: ndiye aliyekula kofia ya shule ya mdogo wake, Josias, kule Uvira, Kongo, na Josias akamng'ata sikio kulipa kisasi. Mireille alimnyofoa unywele akauchoma kwa kiberiti, kama anavyochoma nywele za kusukia anapomshuku muuzaji. Za plastiki huyeyuka zikaganda. Huu uligeuka majivu. Mbuzi alikuwa wa kweli.

Josias alikuwa Marekani. Raga ya shule, huko Westville, ilimpeleka chuo cha ng'ambo, na chuo kikamtoa akiwa lainbeka wa kulipwa katika futiboli ya Kimarekani. Lainbeka husimama nyuma ya ukuta wa wenzake. Akimwona mbeba mpira, humkimbilia na kumkumba, kofia kwa kofia ikibidi. Jana yake, Jumapili, alikuwa amemkumba mtu kwa kichwa hadi uwanja mzima ukasimama.

Mireille alimpigia simu.

"Unakumbuka ule mbuzi uliuma sikio?"

"Mbuzi gani, yaya?" Josias alimcheka dada yake. "Mie niume mbuzi?"

Blandina, Mtanzania anayesuka naye saluni, alikuja kumwona mnyama. "Shoga, wenzio wanatumiwa viatu kutoka Marekani, wewe unatumiwa mbuzi. Tena ana maringo! Majani ya Durban kayanusa tu."

Baada ya mechi iliyofuata alikuja baba yao, marehemu, katika koti alilovaa walipovuka ziwa wakikimbia vita. Aliomba chai yenye sukari nyingi. Mireille alilianika koti, halikukauka. Akapiga simu tena.

"Papa alivaa nini siku tulivuka ziwa?"

"Kelele ni mingi hapa, yaya. Nitakupigia."

Hakupiga. Mireille akamtafuta Jacques wa Morningside, wakala aliyemgundua Josias tangu shuleni.

"Docteur wa timu alimupima," Jacques alisema. "Alimuuliza iko uwanja gani, nani alifunga mwisho, leo ni siku gani. Alijibu yote."

"Alimuuliza habari ya mbuzi?"

"Mbuzi?"

"Ao ya papa yake?"

"Eish, Mireille! Docteur wa Amerika atajua wapi papa yenu?"

Hapo shaka ya Mireille ilipata pa kukaa. Daktari aliuliza ya leo tu, na yaliyokuwa yakimtoka Josias kichwani yalikuwa ya zamani. Maswali hayakuwa na kosa. Yalitungwa na watu waliomhitaji uwanjani Jumapili.

"Mupumzishe," alisema. "Docteur mwingine amuangalie."

"Mkataba mupya iko juu ya meza. Usimutie mtoto woga."

Josias mwenyewe, alipopatikana, alijibu kwa kifupi: "Nilipita mtihani, yaya."

Jumatatu iliyofuata mlango uligongwa. Nje alisimama msichana mwembamba, kitenge cha mama yake kimefungwa mgongoni kama Mireille alivyokuwa akimbebea Josias, kimetuna kana kwamba kimebeba mtoto. Ndani hamkuwa na kitu. Juu ya nyusi alikuwa na kovu, palepale lilipo la Mireille.

Safari hii Mireille hakuwasha kiberiti. Alimpa msichana mkate na chai, akamketisha katikati ya magoti yake, akaanza kumchana. Baba alisogeza kiti awapishe. Simu ikalia.

"Amepita tena, na amesaini!" Jacques alisema. "Nilimuambia akupigie, akauliza weye ni nani. Hawa vijana na mchezo yao!"

"Vizuri," Mireille alisema, akakata.

Msichana alipapasa kitenge mgongoni.

"Mtoto iko wapi?"

"Iko kazi," Mireille alisema, akigawa nywele kwa ncha ya kitana. "Jumapili anacheza. Atakuya tu."