Aliyetoka Kabla ya Jina Lake

Muhamadi alifika ukumbini saa moja na nusu asubuhi, na mkutano ulikuwa wa saa tatu, kwa sababu alitaka kiti cha mlangoni. Alikiwekea kofia kwanza, akakikalia, kisha akaukagua mlango. Ulifunguka kwa nje. Vizuri. Kutoka kitini hadi barabara iendayo ziwani, hatua tatu tu.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili, na alikuwa na ugonjwa asioujua jina. Ulimwanza baada ya mto Sebeya kufurika kule Mahoko na kuiangusha nyumba yake. Yeye alitoka na binti yake, Umurerwa. Mkewe akabaki chini ya ukuta. Tangu hapo, watu wakijaa mahali, au mvua ikipiga mabati, moyo humwenda mbio, mikono hufa ganzi, koo hufunga, na kitu ndani yake humwambia kwamba anakufa sasa hivi, mbele za watu. Kilimshika sokoni. Kilimshika msikitini Ijumaa moja, akaruka magoti ya watu mpaka nje, na wiki nzima mji wa Gisenyi ukasema Muhamadi ana mashetani. Aliona aibu, akaanza kuswali nyumbani.

Alikuwa amejifundisha kupambana nacho. Kila alikokwenda alikaa mlangoni. Alibeba kipande cha tangawizi mfukoni, akakitafuna mpaka machozi yamtoke. Na alipumua kwa mguu: alikanyaga sakafu kana kwamba anaendesha cherehani, kisigino, vidole, kisigino, vidole, pumzi ikifuata mguu polepole. Mara nyingi ilisaidia. Lakini mara nyingi si kila mara.

Siku hiyo ilibidi isaidie. Mradi fulani ulikuwa umejenga nyumba arobaini kwa ajili ya walioangushiwa zao na maji, na jina lake lilikuwamo kwenye orodha. Kilichobaki ni kuitwa. Ukiitwa unasimama, unaitika "Karame!", kama mtu anavyomwitika mkubwa, unapewa karatasi ya nyumba. Usipoitika unafutwa, na nyumba inakwenda kwa aliye kwenye orodha ya akiba. Ilisemwa ni kwa sababu ya majina hewa yaliyokula msaada wa kwanza. Nani aliyaandika majina hayo, hakuna aliyeuliza. Muhamadi na binti yake walikuwa wanalala katika jiko la nje la binamu yake, na binamu alikwisha kusema kwamba mwisho wa mwezi anataka jiko lake.

Ilipofika saa nne ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mwanamke mmoja alijibanza kando yake, akiwa bado ananukia sambaza, wale dagaa wa Nyamyumba aliowauza alfajiri. Alikuwa Epiphanie, Mama Gad, jirani yake wa Mahoko ambaye ukuta wake ulianguka usiku uleule, naye akingoja kuitwa.

"Baba Umurerwa, umekula?"

"Nitakula nikisha kuitwa, Mama Gad."

"We pumua tu. Mi niko hapa."

Bwana Gatete wa mradi aliingia saa tano, bila kuomba radhi, akajaribu kipaza sauti kwa kidole.

"Wale wa nyuma, mukuje mbele! Viti iko huku. Mutu hakai kwa mulango kama anataka kukimbia."

Watu wakasogea. Muhamadi hakusogea. Mlinzi akamjia na kusimama mbele yake.

"Naomba nibaki hapa, chef," Muhamadi alimwambia, kama mtu anavyomwambia mkubwa wake. "Niko na shida kidogo ya pumzi."

"Shida ya pumzi?" Gatete alidaka kutoka mbele. "Iko karatasi ya docteur?"

Karatasi ilikuwapo. Alikwenda zahanati mara tatu, wakampima damu, wakampima presha, wakampima malaria, kisha wakamwandikia walichokiona. Mlinzi akaipeleka mbele. Gatete akaisoma kwa kipaza sauti.

"Tension, muzuri. Malaria, hapana. Ugonjwa, hakuna." Akaikunja. "Papa, we uko muzima kuliko mimi!"

Ukumbi ukacheka. Haukuwa ucheko mbaya, ulikuwa wa watu waliongoja tangu asubuhi na njaa zao. Lakini ulimchoma. Alinyanyuka akakaa safu ya pili, katikati, magoti ya watu kulia, magoti ya watu kushoto. Mama Gad alimfuata akabanana naye.

Majina yakaanza kuitwa. Niyonsaba. Karame! Nishimwe. Karame! Kila aliyeitika alipigiwa makofi, na kila makofi yalimpiga Muhamadi kifuani. Kisigino, vidole. Kisigino, vidole. Akauma tangawizi.

Ndipo mvua ikaanza. Tone moja juu ya bati, matone kumi, halafu bati lote kwa pamoja.

"Funga mulango," Gatete akasema. "Karatasi zinalowa."

Mlango ukafungwa. Muhamadi alisikia komeo likiingia, na mguu wake ukasahau kazi. Vidole vikafa ganzi, midomo ikafuata. Hewa ilikuwamo ukumbini, aliona wenzake wakiivuta, lakini kwake haikufika. Aliogopa kama alivyoogopa usiku ule, akasimama bila kujua amesimama. Akapita juu ya magoti, juu ya mkoba wa mtu, juu ya mtoto aliyelala.

"Mzee," mlinzi alimwambia mlangoni, "mutu akitoka, ametoka."

Muhamadi alilivuta komeo kwa mikono miwili, akatoka.

Nje alipiga magoti ukingoni mwa baraza, maji yakimshukia kichwani. Maji yenyewe hayakumtisha, ni ile sauti yake juu ya bati. Alivuta pumzi moja, ikakwama. Ya pili ikashuka nusu. Alijua kinapita, siku zote hupita. Ni muda kidogo tu.

"Hakizimana Muhamadi!"

Jina lake lilimfikia kupitia ukuta. Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alitambaa mpaka mlangoni, ambao mlinzi alikwisha kuufunga tena, akaupiga kwa kiganja. Mvua ikaupiga ukumbi kwa nguvu kuliko yeye.

"Hakizimana Muhamadi, mara ya pili!"

"Karame!"

Ilikuwa sauti ya Mama Gad. Kule Mahoko, siku za umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji, mtu aliyekuwa na mgonjwa nyumbani aliitikiwa na jirani, na safari nyingine naye akamwitikia mwenzake. Hakuna kiongozi aliyelikataa jambo hilo. Mama Gad aliitika kama alivyozoea kuitika miaka yote.

Safari hii makofi hayakufuata.

"Mama," Gatete akasema taratibu, "we ni Muhamadi?"

"Iko inje, chef. Anaumwa. Mi ni jirani yake."

"Bon. Munaona? Ndiyo hii tulikuwa tunasema. Jina iko, mutu haiko, halafu mutu wa kuitika iko. Na jina yako wewe?"

"Mukandutiye Epiphanie."

Muhamadi alipofunguliwa na mlinzi akaingia, akichuruzika maji, Gatete alikuwa ameinamia orodha na kalamu. Alichora mstari mmoja. Akafunua ukurasa, akatafuta kwa kidole, akachora wa pili.

"Karame," Muhamadi alisema. Sauti ilitoka safi. "Mi ndiye Muhamadi. Niko hapa."

"Sasa uko unasema vizuri, papa. Mbona wakati ule ulikataa kuitika?"

"Futa yangu, chef. Ya huyu mama iache. Nyumba yake ilianguka, watu wote hapa wanajua."

Alingoja hao watu wote. Waliangalia karatasi zao mpya.

"Règlement ni règlement, sheria ni sheria," Gatete akasema. "Malalamiko iko na siku yake. Mutakuja hapa hapa, mutu mwenyewe anasimama, anashika hii micro, anaeleza mbele ya wote. Donc, tuendelee."

Mama Gad alifungua kitenge chake, akamfuta Muhamadi maji usoni, akajifunga tena.

Adhuhuri mvua ilikatika na wote wakatolewa nje kwa picha. Kitambaa kirefu chenye maneno ya shukrani kilining'inizwa kwenye fito mbili, lakini upepo wa ziwani uliziangusha. Gatete aliangaza macho. Wenye karatasi walitakiwa wasimame katikati, wazionyeshe.

"Nyinyi wawili musio na karatasi," alisema, "mushike kitambaa. Mumoja huku, mumoja kule."

Wakashika. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kizito, na Muhamadi alikikaza ili maneno yasomeke. Mpiga picha akapiga moja, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Papa, rudisha bega kidogo. Unaingia kwa picha."

Muhamadi akarudisha bega. Alichungulia upande wa pili, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakitabasamu, na hakumwona Mama Gad. Aliona vidole vyake tu, vimeng'ang'ania pindo.