Radi Nyekundu Agonga Kadi

Siku ile mjinga alikuwa Orihara mwenyewe, tusimtafute mwingine. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, soksi hazifanani, alisimama juu ya paa la duka kubwa la Tsuruoka katikati ya watoto wa chekechea, na dada wa maikrofoni aliposema, "Haya, sote kwa pamoja tumwite Radi Nyekundu," yeye akaita kwa sauti kuliko wote. Aliita kutoka tumboni. Watoto waligeuka kumtazama. Mama mmoja akamvuta wa kwake karibu.

Ilikuwa Jumapili ya kukumbuka miaka ya tisini. Ziliuzwa kadi za wachezaji wa besiboli wa zama zile na soda za chupa zenye gololi shingoni, na lilikuwapo onyesho la Kikosi cha Radi, kipindi cha televisheni cha mashujaa watano wenye vinyago, ambacho Orihara utotoni alikitazama kila Jumapili asubuhi na taulo la mama yake likiwa joho. Aliyetokea jukwaani alikuwa mwanafunzi wa chuo ndani ya nguo ya kukodi, zipu imeachia mgongoni. Orihara alipiga makofi, akala tambi, akarudi kwake.

Radi Nyekundu mwenyewe, yule wa kwenye kipindi, alikuwa ameshafika. Viatu kavivua mlangoni, kavipanga ncha zikitazama nje.

"Umeniita," alisema. "Adui yuko wapi?"

Orihara alimtilia chai. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mama yake ahamishiwe makao ya wazee kwa vikombe viwili kukaa juu ya meza ile. Mwenye nyumba alipopata habari, aliuliza jambo moja tu: kama mgeni ana lile roboti lake kubwa la kwenye kipindi la kuegesha, kwa kuwa nafasi ni ya gari moja. Mgeni alisema hana. Mwenye nyumba akamwonyesha taka za plastiki zinatupwa siku gani, akashuka ngazi.

Kuhusu adui, Orihara alianza kwa kuzunguka. Alieleza kwamba makao ya wazee hufunga milango ya wageni saa kumi na mbili jioni, na Jumapili hayapokei mtu. Alieleza kwamba kiwandani, wanakopakia vyakula vya boksi, kazi huisha saa kumi na moja. Kila mtu hugonga kadi ya mahudhurio kwenye saa ya ukutani, kisha hurudi kwenye mkanda unaopitisha maboksi hadi giza liingie, na kwa mujibu wa kadi hayupo. Mkuu wa kitengo huuita muda wa nyongeza. Mama yake alikuwa bado anauliza kila jioni kama Nobu, yaani yeye, ameshatoka shule. Karibuni angeacha kuuliza.

"Mkuu huyo umemwambia?" aliuliza Radi Nyekundu.

Orihara alitazama ukutani. Pale palikuwa na picha ya kijana wa sekondari mwenye mkono wa kushoto uliofungwa bendeji, akirusha mpira kana kwamba mkono ni wa kuazima. Hatakeda wa fainali ile ya besiboli ya kiangazi. Nchi nzima ilimlilia. Aliposhindwa alipiga magoti, akachota udongo wa uwanja kama walioshindwa wote, akaenda nao kwao. Orihara alikuwa na miaka kumi na moja, na kwa mwezi mzima alikula kwa mkono wa kushoto. Aliposikia kiwanda kimemwajiri Hatakeda kuwa mkuu wa kitengo, aliomba kazi wiki iyo hiyo.

"Mtu kama yule haambiwi," alisema Orihara.

Kesho yake walikwenda pamoja. Mkaguzi wa usafi alimtaka mgeni avae kofia ya wavu juu ya kinyago chake, akavaa. Alisimama kando ya mkanda kutwa. Orihara aliweka tunda jekundu chachu katikati ya wali, boksi baada ya boksi, na pembeni yake Mama Kunieda, mkongwe wa mkanda, aliweka kipande cha yai.

Saa kumi na moja wakagonga kadi. Hatakeda alitoka ofisini, kitambi mbele, mkono wa kushoto haupandi tena juu ya bega. Aliinama mbele ya wafanyakazi wote.

"Poleni na kazi."

"Pole na kazi," wakajibu, wakarudi kwenye mkanda.

Radi Nyekundu alimkabili. Alitanua miguu, akanyoosha mkono, na nyuma yake moshi mwekundu ukalipuka. Mama Kunieda aliyafunika mayai.

"Jitaje, adui!"

"Hatakeda, mkuu wa kitengo," alisema Hatakeda, na kuinama tena. "Umesimama tangu asubuhi. Pole na kazi."

Ngumi ya Radi Nyekundu, iliyokuwa imeanza kuwaka, ilipoa. Alimgeukia Orihara na kumweleza taratibu kwamba adui hucheka kwanza, kisha hutangaza uovu wake, ndipo hupigwa. Huyu amempa pole. Hatakeda naye alivaa glavu, akaja kupanga vifuniko. Alisema, bila kulalamika, kwamba na yeye kadi yake imeshagongwa, na huko juu yupo anayempa pole yeye. Juu ya meza yake ofisini, kopo lenye udongo wa uwanja ule lilikuwa limeshikilia karatasi zisipeperuke.

Radi Nyekundu hakuwa na adui, na bila adui kipindi hakifiki mwisho, kwa hiyo hakuweza kuondoka. Akapewa kadi. Kufika msimu wa majani kuwa mekundu alikuwa anaweka tunda katikati ya wali bila kupima, na watu walimlalamikia tu kwamba akipiga chafya moshi unatoka. Jioni moja makao ya wazee yalipiga simu. Mama Orihara hana neno, walisema, anakula vizuri, ila siku hizi haulizi.

Orihara alirudi kwenye mkanda na kumkalia kooni Radi Nyekundu. Tatizo ni kwamba yuko peke yake, alisema. Kwenye kipindi walikuwa watano. Wawaite wale wanne, watano hawajawahi kushindwa. Radi Nyekundu alisema Bluu yuko ghalani huko Sendai, Njano yuko hospitali, wote wanaambiwa pole. Orihara hakukubali. Watano wakisimama pale mbele ya Hatakeda, alisema, mambo yatabadilika.

"Uwalete wa nini, Nobu?" alisema Mama Kunieda, macho kwenye mayai. "Wa kusimama mbele yake na kunyamaza tunao mkanda mzima, na wewe ndiye kiranja wao."