Kanda Iliyokimbia

Mdogo wangu hawezi kukaa chini siku ya onyesho. Tangu asubuhi anazunguka nyumba: anafungua jokofu, analifunga, anaenda dirishani, anarudi kuniuliza kama shati jeupe limekauka, na wakati wote huo kipande cha tangawizi kimemvimbisha shavu. Jumapili ile alizidi. Daktari wa koo alikuwa ameshamwambia wazi, mbele yangu, kwamba nyuzi zake za sauti zimeota vinundu, na kwamba akiendelea kupiga kelele namna ile atabaki na mnong'ono maisha yake yote.

"Sipigi kelele, daktari," alisema. "Naimba."

"Sijui wewe unakiitaje," daktari alimjibu. "Mimi nimeona koo lako."

Alichokuwa akifanya ni kumwimba Marehemu. Hiyo ndiyo kazi ya bendi yetu. Sisi wanne tunapiga nyimbo za mtu mmoja aliyekufa zamani, na tunazipiga kama alivyozipiga yeye, kwa mavazi yake, kwa utani aliokuwa akiutoa katikati ya nyimbo, hata kwa kikohozi kinachosikika kwenye ubeti wa pili wa wimbo wake mkubwa. Mdogo wangu akikisahau hicho kikohozi, watu wanadai. Mimi napiga gita la solo, na kila wimbo unaanzia kwangu. Siku za kazi nachanganya rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Besi anapiga Fundi Bomba, na kazi yake mmeshaijua. Ngoma anapiga Kinyozi, ambaye hanyamazi akiwa na mkasi wala akiwa na vijiti.

Watu huniuliza kama hatuoni haya kuishi kwa jasho la mwenzetu. Sioni. Tulishawahi kujaribu wimbo wetu wenyewe, niliutunga mimi na nilikuwa naupenda sana, na tulipouanza tu, ukumbi mzima ulikumbuka kwamba una kiu. Foleni ya vinywaji ikafika mlangoni. Lakini nikigusa nyuzi za mwanzo za wimbo wa Marehemu, mama wa watu na heshima zake anavua viatu. Mwanamume aliyeingia amenuna anamshika mkewe kiuno, na mke mwenyewe anashangaa. Hawaji kututazama sisi. Wanakuja kujiona wao walivyokuwa kabla ya mikopo na magoti mabovu. Na sisi tunapewa mapenzi yaliyokwisha kuiva, kazi yetu ni kupakua tu. Ni raha, siwadanganyi, ingawa unarudi nayo nyumbani ukijua kwamba si yako, na unagaagaa kitandani.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo, mjane wa Marehemu alituita kwake. Tulienda roho mkononi. Kinyozi alikuwa na hakika kwamba tunakwenda kupigwa marufuku, na njia nzima alikuwa akipanga utetezi ambao ungetuponza zaidi. Mama alitupokea vizuri. Tukamwamkia, akaitika, tukakaa kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, magoti yamebanana.

"Yupi anaimba?" aliuliza.

Mdogo wangu akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Koo haliumi?"

"Linauma, mama."

"Lazima liume. Huko unakopanda wewe, mume wangu mwenyewe hakuwahi kufika."

Akainuka, akafunua kinanda cha santuri pembeni ya kabati, akaweka ule wimbo mkubwa. Ikatoka sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, nzito, ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Maneno yalikuwa yale yale. Na kwenye ubeti wa pili, pale pa kikohozi, tulipigwa na butwaa sote, maana hakikuwa kikohozi. Marehemu alikuwa anacheka.

"Samahani, mama," Kinyozi akasema, "mashine yako nadhani imechoka."

"Mashine yangu nzima. Kanda zenu ndizo zilizokimbia." Akatueleza kwamba santuri zilipoadimika, kulikuwa na duka moja tu la kunakili nyimbo kwenye kanda, na mwenye duka alitaka nyimbo zote za Marehemu zienee kwenye kanda moja. Basi akaiongezea santuri mwendo, zikaenea, na sauti ya Marehemu ikapanda juu. Kanda hizo ndizo zilizoingia kila nyumba na kila harusi, na redio nazo zikapiga hizo hizo. "Nilimfuata dukani kwake, tukatukanana mpaka watu wakajaa. Akaniambia, wateja hawajalalamika."

Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, anasugua mapaja. "Kwa hiyo mimi namwiga nani?" akauliza.

 Mama aligeuza santuri upande wa pili.

Mimi nilitoka pale nimefurahi, kwa sababu nilidhani mambo yameisha. Wimbo ushuke, koo lipone, kila mtu aende kwake. Kumbe mwenzangu alikuwa na yake.

"Sishuki," aliniambia nyumbani. Alikuwa anazunguka meza.

"Hushuki kwa nini? Umesikia mwenyewe. Marehemu aliimba chini."

"Nikiimba kule juu, dada, nakuwa yeye. Watu wanafumba macho. Nikishuka nasikika mimi."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Nani atatoka kwake kuja kunisikiliza mimi?"

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sina breki. Nilimwita mpumbavu, nikamwambia atamaliza maisha akiongea na watu kwa kuandika kwenye ubao, nikamwambia mambo mengine ambayo dada mtu hapaswi kusema. Akaendelea kuzunguka meza. Nikakaa, nikaanza kulia kwa hasira, na hapo ndipo aliposimama. Akasema atajaribu, onyesho moja tu, na watu wakikataa tunarudi juu na nisimzungumzie tena habari za daktari.

Kwa hiyo Jumapili ile, kabla watu hawajaingia, nililegeza nyuzi zote za gita langu, na Fundi Bomba akalegeza zake. Ukumbi ulikuwa ule wa kukodi, wenye mapazia mazito na feni moja inayofanya kazi. Mchana ule ulijaa. Mjane alikuja pia, akakaa safu ya mbele pembeni, mkoba mapajani.

Nikaanza na wimbo mkubwa, maana sikutaka kuchelewesha. Kwa ule mwendo wa santuri, taratibu, chini. Nikaona watu wanatazamana. Aliyekwisha kuvua viatu alisimama navyo mkononi. Halafu bwana mmoja mnene kule nyuma akapaza sauti:

"Badilisheni betri!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Kinyozi alicheka, msaliti yule. Wengine wakadakia, "Betri! Betri!" na mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshashika maikrofoni na kujaza pumzi, akaitoa ile pumzi bila neno. Akanigeukia, akainua kidole gumba.

Nikatikisa kichwa.

"Dada," akasema, na maikrofoni ikamtangaza ukumbi mzima, "pandisha."

"Pandisha, dada!" watu wakaitikia. "Juu! Juu!"

Ningeweza kupanda. Kila mpiga gita anajua kwamba nyuzi zikilegezwa, vidole vinaweza kuzifidia. Niliogopa watu kweli kweli, lakini nilikuwa nimelitazama koo lile kwenye picha ya daktari, na sikuwa tayari kulivunja kwa mkono wangu mwenyewe. Nikarudia mwanzo ule ule, chini kule kule. Hakuingia. Nikaurudia tena, na Fundi Bomba akanifuata, amekaza macho kwenye viatu vyake. Mdogo wangu alisimama pale mbele ameufumba mdomo, jasho linamtoka, na nilijua kwamba akiweka maikrofoni chini na kutoka, hatarudi.

Ni yule bwana wa betri aliyeanza. Alianza kwa dhihaka, akiburuta maneno kama mlevi, ili watu wacheke. Wakacheka mstari wa kwanza. Mstari wa pili akaacha kuburuta, nadhani kwa sababu alijikuta anauweza. Wimbo ule miaka yote hakuna aliyeweza kuuimba pamoja na mwimbaji. Ulikuwa juu mno, ungepasua mishipa. Sasa ulikuwa usawa wa vifua vya watu. Mama mwenye viatu mkononi akaingia, na jirani yake, na meza nzima ya wazee karibu na feni, na kabla ya kiitikio ukumbi ulikuwa unaimba, vibaya, kila mtu na mwendo wake. Kinyozi alihangaika kuwashika.

Mdogo wangu alitazama watu wale wakiimba bila yeye. Sijui aliona nini. Ubeti wa pili ulipofika akaingia chini yao, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia jukwaani, ina mkwaruzo kidogo, haina madoido. Hakukohoa. Alipofika pale pa kicheko hakucheka pia, akapita tu. Wapo waliofumba macho, lakini wengi waliyafumbua, wakamtazama.

Makofi yalikuwa machache kuliko tulivyozoea. Tulimaliza nyimbo zote kule chini, na watu kadhaa waliondoka kabla ya mwisho, wakinung'unika mlangoni. Mwenye ukumbi aliniambia kwamba wiki ijayo ni afadhali tumlete yule wa zamani. Nilimwambia ndiye huyu huyu. Akasema basi ataona.

Tulikuwa tunakunja nyaya wakati mjane alipopanda jukwaani, akishikilia mkono wa Fundi Bomba kwenye ngazi. Mdogo wangu akaacha waya, akasimama wima.

"Hufanani naye hata kidogo," mama akamwambia.

"Samahani, mama. Nilijitahidi."

"Samahani ya nini? Yeye nimeshamzika." Akamtazama vizuri, kutoka juu hadi chini, na lile shati jeupe la kumwigiza mume wake. "Wewe unaitwa nani?"

Katika miaka yote ya bendi ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Kwenye mabango tunaandika jina la Marehemu, na kina mama wanaomfuata baada ya onyesho wanamwita hilo hilo, naye anaitika. Alinitazama mimi kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. Kisha akamtajia, kwa sauti ndogo, isiyokwaruza. Mama hakulisikia vizuri, akalitamka ndivyo sivyo, na mdogo wangu akamsahihisha.